Hesabu ya Watu Wachache

(Mazungumzo tuliyoyatoa Mtongwe mbele ya wanakamati wa zahanati, wa shule na wa maji, pamoja na viongozi wa vikundi vya vijana na vya akina mama. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.)

  Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotembea kutoka Shika Adabu na jua hili. Tumepewa saa moja ya kuzungumza, lakini harufu ya mahamri na mbaazi imeshaanza kutoka kule nyuma, basi tutajitahidi.

Mada tuliyopewa ina maneno makubwa: kupima mchanganyiko wa wafanyakazi katika ofisi ndogo za umma. Kwa lugha ya hapa nyumbani swali ni hili. Pale zahanati, pale shuleni, pale ofisi ya maji, wanaofanya kazi ni kina nani? Ni kabila moja? Ni wanaume watupu? Mwenye ulemavu yuko hata mmoja? Na tukitaka kujua, twahesabu vipi bila kuumizana?

Swali hili hatukulitunga sisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, yasema utumishi wa umma uwakilishe jamii mbalimbali za Kenya, na kwamba wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa ya kuajiriwa, kufundishwa na kupandishwa cheo katika ngazi zote. Hayo maneno “ngazi zote” tafadhali yawekeni kando, tutayarudia. Kabla ya hapo, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ilipitishwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kifungu chake cha 7 chasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ikaja tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, ikisema angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Na kila mwaka Tume ya Utumishi wa Umma yapeleka ripoti kwa Rais na kwa Bunge kueleza kama maadili haya yafuatwa. Ndiyo maana fomu hushuka, kutoka Nairobi mpaka ofisini, kutoka ofisini mpaka kwa karani, na karani ana biro na nusu saa.

Hapo kwa karani ndipo taabu huanzia. Wacha tuwasimulie.

Kuna ofisi moja ndogo ya umma upande huu wa kivuko, hatutaitaja. Ilikuwa na wafanyakazi 14. Tuliitwa kusaidia kujaza fomu ya namna hiyo, kwa sababu watu hudhani mtu wa huduma za jamii ni hodari wa fomu. Tulipofika tukakuta kazi imekwisha. Karani alikuwa ameketi na orodha ya mishahara, akaangalia majina, na kando ya kila jina akaandika kabila. Jina hili la Kijaluo, huyu Mjaluo. Hili la Kiislamu, huyu Mswahili. Sisi nasi, tuseme kweli, tulifurahi. Tulikunywa chai, tukajumlisha, tukapiga asilimia kwa kikokotoo cha simu, tukabandika jedwali ukutani ili mkutano wa wafanyakazi ulione. Majina na makabila, vyote pamoja. Hilo kosa ni letu, si la karani.

Mkutano ulipokwisha, mama mmoja wa pale, mfagiaji, alikuja polepole. Akauliza, “Hapa mumeniandika Mjaluo. Nani aliwaambia?”

Tukamwambia, mama, jina lako.

Akasema, “Jina ni la baba. Mama yangu ni Mdigo wa hapa hapa, na nyumba niliyolelewa ni ya bibi. Mbona hamkuniuliza? Nilikuwa pale nadeki, miguu yenu mwainua nipitishe tambara, na hamkuniuliza.”

Halafu akasema neno ambalo lilitunyamazisha. Mwaka 1997 alikuwa na miaka tisa.

Waliokuwa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wengi hapa walikuwa hawajazaliwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari sita wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Siku na wiki zilizofuata watu walioitwa wa bara waliwindwa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa. Zaidi ya watu 100 walikufa, na waliohama makwao walikadiriwa kufika laki moja. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa letu la Likoni, wakalala pale na watoto na magodoro. Vijana waliotumiwa katika vita vile walikuwa wameambiwa jambo ambalo ndani yake lina ukweli kidogo: kwamba ardhi na kazi, za bandari na za serikali, zimekwenda kwa wengine. Baada ya vita serikali ikakamata vijana wa pwani kwa wingi, wenye hatia na wasio na hatia. Kila upande una kumbukumbu yake, na kila kumbukumbu ina orodha ya majina.

Yule mama alisema, “Baba alituchukua akatupeleka kanisani. Mama akabaki kwa bibi. Kwa nini? Kwa sababu ya jina. Tangu siku hizo sipendi karatasi yenye jina langu na kabila pamoja. Sasa nyinyi mumeibandika ukutani.”

Tuliitoa ile karatasi siku ile ile. Na hayo ndiyo tunayotaka mchukue leo kuliko asilimia zote. Hapa Likoni orodha ya makabila si karatasi ya ofisi tu. Majirani zetu wa Rwanda waliandikiwa kabila katika kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 1994 kitambulisho kile kilikuwa hukumu kwenye kila kizuizi cha barabara. Wengine wakiona hayo husema basi, tusihesabu kabisa. Ufaransa, kwa mfano, sheria yao yabana sana kuhesabu watu kwa kabila au rangi. Sisi hatukubaliani na kuacha kuhesabu. Asiyehesabiwa hulalamika gizani, na hasira ya gizani tumeiona. Lakini lazima tujue kuhesabu.

Haya. Tulirudi tukaanza upya, safari hii kwa kuuliza. Kila mtu peke yake, mlango umefungwa, karatasi haina jina. Aliruhusiwa kuandika mawili kama wazazi ni wawili, na aliruhusiwa kuandika “sipendi kusema”. Watu watatu kati ya wale 14 walikuwa wamewekwa kwenye sanduku lisilo lao. Yule “Mswahili” wa jina la Kiislamu alikuwa Mpokomo wa Tana River. Mwingine aliandikwa Mgiriama kwa sababu eti “aongea hivyo”, alikuwa Mrabai. Na yule mama aliandika mawili, Mdigo na Mjaluo, akapigia mstari chini ya yote mawili.

Sasa oneni hesabu inavyofanya mchezo. Theluthi ya 14 ni 4 na kitu, kwa hivyo sheria yaruhusu watu wanne wa kabila moja, wa tano ni kosa. Ofisi ile ilikuwa na Wamijikenda watano. Basi imevunja sheria? Ngojeni. Kati ya hao watano, watatu walikuwa Wadigo, mmoja Mduruma na mmoja ni yule Mrabai. Ukihesabu Mijikenda kuwa kabila moja, ofisi ina kosa. Ukihesabu makaya tisa kila moja peke yake, ofisi ni safi kabisa. Watu ni wale wale, viti ni vile vile. Na yule mama je? Akihesabiwa kwa mamake, Wamijikenda wanakuwa sita na kosa lazidi. Akihesabiwa kwa babake, kosa lapungua. Hakuna aliyeajiriwa wala kufukuzwa, ni kalamu tu imehama.

Na msidhani masanduku haya yaliteremka kutoka mbinguni. Jina Mijikenda lenyewe lilienea miaka ya 1940, babu zetu wengi walizaliwa kabla halijatumika hivi. Wamakonde wa Kwale walikaa nchini miaka mingi bila kuwa raia. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, ndipo wakatambuliwa na kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani yetu walitambuliwa Julai 2023. Kabla ya hapo, ofisi yoyote ya umma ukiitazama, Wapemba ni sufuri. Sufuri ile haikumaanisha kwamba hawakutaka kazi au hawakusoma. Bila kitambulisho huwezi hata kuchukua fomu ya kuomba. Kwa hivyo mkiona sufuri katika jedwali, msikimbilie kusema “hawa hawapendi kazi za ofisi”. Ulizeni kwanza ni mlango gani ulifungwa.

Asilimia ina heshima yake mahali penye watu wengi. Tume ya Uwiano na Utangamano ilipotoa ukaguzi wa utumishi wa umma mwaka 2011, ilihesabu maelfu kwa maelfu. Ikasema Wakikuyu walikuwa na asilimia 22.3 ya kazi zile, hali sensa ya 2009 iliwapa karibu asilimia 17 ya watu. Katika umati huo, pengo la asilimia tano ni watu wengi kweli, lina maana. Mwaka 2016 tume hiyo ikatazama kaunti, ikakuta kaunti 32 kati ya 47 zimechukua zaidi ya asilimia 70 ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Hiyo nayo ni habari nzito. Lakini katika ofisi ya watu 14, mtu mmoja ni asilimia saba! Mzee mmoja akistaafu, ripoti yaweza kuandika “uwakilishi umeshuka kwa asilimia saba” kana kwamba kumetokea msiba. Na ofisi ya watu watano? Theluthi ya tano haifiki wawili. Maana yake zahanati ya watu watano itii sheria kwa herufi yake, lazima iwe na makabila matano. Mdigo wa pili akiingia, kosa. Pale Mtongwe! Sisi twaona sheria ile ilitungwa ikiwa na mawizara makubwa machoni, na haifai kutumiwa kumnyima binti wa jirani kazi ya kufungua kadi za wagonjwa. Kwa ofisi ndogo, andikeni vichwa, msiandike asilimia. “Wawili kati ya watano” kila mtu aelewa. “Asilimia arobaini” yatisha bure.

Wasomi nao wana kipimo chao, nacho twakieleza kwa sababu mwaweza kukutana nacho kwenye ripoti. Mwaka 1949 Mwingereza mmoja, Edward Simpson, aliandika namna ya kupima mchanganyiko kwa nambari moja, na kipimo hicho kilitumiwa sana na watu wanaochunguza mimea na wanyama. Chukueni shule yenye wafanyakazi sita wasio walimu: karani, mpishi, mfagiaji, mtunza bustani na mabawabu wawili. Wanne ni wa kabila moja, wa tano ni wa jingine, wa sita ni wa jingine tena. Tieni majina sita kapuni, chomoeni mawili bila kuangalia. Yawezekana kuchomoa jozi 15 tofauti. Kati ya hizo, jozi 9 ni za watu wa makabila mbalimbali. Tisa kwa kumi na tano, ndiyo asilimia 60. Mchanganyiko mzuri. Sasa yule wa tano astaafu, na nafasi yake achukuliwe na mtu wa lile kabila la wale wanne. Jozi za watu mbalimbali zabaki 5 tu kati ya 15, asilimia 33. Kutoka 60 mpaka 33 kwa barua moja ya kustaafu. Na kapu lile halijui nani karani na nani bawabu. Kwa kapu wote ni vikaratasi.

Hapo ndipo yale maneno “ngazi zote” yanapotakikana. Katika ofisi ile ya watu 14 tulichora ngazi ubaoni, bila majina. Juu kabisa wanaotia sahihi, chini yao wanaoshika mafaili na funguo, chini yao wanaoendesha na kubeba, na chini kabisa wanaofagia na kulinda usiku. Ukisoma jedwali la karani, wanawake walikuwa saba kati ya 14, nusu kwa nusu, ungepiga makofi. Kwenye ngazi, watano kati ya saba walikuwa na fagio au na birika. Wa kutia sahihi hakuwako. Na wale watu watano wa Mijikenda waliofanya ofisi ionekane ina kosa, wanne walikuwa vidato viwili vya chini. Kwa hiyo sheria ilikuwa ikilalamika kwamba wenyeji wamezidi, na wenyeji nao walikuwa wakilalamika kwamba hawamo. Kila mmoja na kipande chake cha ukweli! Bila ile ngazi wangegombana mpaka leo.

Kuhusu wanawake tuseme na hili upesi. Katiba, kifungu cha 27, yataka chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisizidishe theluthi mbili za jinsia moja. Kamati zenu nazo hazina budi kujiangalia humo. Tumewaona mlivyokaa, safu ya mbele wanaume, na akina mama wanapanga vikombe.

Jambo la watu wenye ulemavu lataka upole zaidi. Kiwango kinachosemwa ni asilimia tano. Asilimia tano ya watu 14 haifiki hata mtu mmoja, ni saba ya kumi ya mtu, na mtu hagawanywi. Wengine hushika hapo hapo wakasema, “Basi sheria haituhusu.” Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 yataja waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi, na 20 ndipo asilimia tano inapotimia mtu mmoja. Lakini hapa Mtongwe ofisi za umma ndogo ndogo mkizikusanya pamoja, zahanati, shule, maji, ofisi ya chifu, wafanyakazi wanapita 20 kwa mbali. Kwa nini msihesabu pamoja? Kila ofisi peke yake ina kisingizio, zote kwa pamoja hazina.

Tena kuna ulemavu usioonekana. Mtu ana kifafa, atumia dawa, mkubwa wake hajui. Mwingine sikio moja halisikii. Mkisimama mkutanoni mkasema “mwenye ulemavu ainue mkono”, hamtamwona. Mkilazimisha mtamfukuza kazi kwa aibu. Kama katika ofisi ya watu wanane mtaandika “mwenye ulemavu: mmoja” na kubandika ukutani, kila mtu ataanza kumtafuta huyo mmoja ni nani. Basi nambari ndogo namna hiyo isibandikwe. Ipelekwe kwa anayeihitaji kisheria, ikiwa imeunganishwa na za ofisi nyingine. Na hata fomu zetu, mwenye habari hizo akizitoa, afungiwe kabatini na ufunguo ushikwe na mtu mmoja anayejulikana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaweka afya ya mtu na asili ya kabila lake miongoni mwa habari nyeti. Hii si hiari ya karani.

Kijana mmoja hapa, tulipokuwa tukipanga viti, alituambia, “Nyinyi mwaleta hesabu, sisi twataka kazi.” Hatukuwa na jibu la haraka. Ana haki. Mtongwe yajua bei ya kazi. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, saa za watu kwenda kazini, kivuko kilizama hapa na watu 272 wakafa. Wengi wetu tulizika. Mtu wa hapa huvuka maji kutafuta riziki, na akirudi jioni aona nafasi mbili tatu zilizopo karibu na nyumbani zimeshikwa na mtu asiyemjua. Hasira hiyo haitapozwa na nambari.

Lakini kijana wetu, sikiliza na hili. Ofisi ndogo haiajiri kila mwaka. Labda nafasi moja hufunguka, kisha miaka minne kimya. Ukipiga picha ya leo utaona waliopo, hutaona walikuja vipi. Yule mkubwa wa miaka 58 aliingia zamani, kwa taratibu za zamani, na kumhesabu yeye leo hakutuambii kama mlango wa leo u wazi. Sisi tungependa uhesabu mlango. Chukua miaka kumi nyuma. Kila nafasi iliyofunguka: ilitangazwa wapi? Msikitini, kanisani, kwa chifu, au kwenye ubao ulio ndani ya lango ambapo wasomao ni wale wale wenye kazi? Walioomba walikuwa wangapi? Walioitwa ni wangapi, na wanawake wangapi? Aliyechukuliwa aliishi wapi siku alipoomba? Hapo utajua kama una kesi. Huenda ukakuta nafasi zilipita kwa simu na mjomba. Huenda pia ukakuta nafasi ilitangazwa vizuri na kutoka Mtongwe hakuna aliyeomba, kwa sababu cheti cha kidato cha nne bado kiko shuleni kikingoja karo. Mambo hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja. Ya kwanza mwaipeleka kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti na kwa mwakilishi wa wadi. Ya pili mwaileta kwa vikundi vyetu, tuchange tukatoe vile vyeti.

Mzee mmoja akauliza, tulinganishe na nini? Wa hapa ni nani? Swali zuri, nalo ni gumu. Kitabu cha sensa ya 2019 chatoa hesabu ya makabila kwa taifa zima, si kwa Mtongwe. Likoni yote ilihesabiwa watu 250,358, bila kusema ni Wadigo wangapi na Wakamba wangapi. Kwa hiyo anayesimama na kusema “sisi hapa ni asilimia sitini” amejikadiria mwenyewe. Ushauri wetu, na mzee aweza kutukatalia, ni kuuliza mtu amekaa wapi na amesoma wapi, kabla ya kuuliza kabila. Mtoto wa bawabu kutoka Machakos aliyezaliwa hapa, akasoma hapa, akacheza mpira kwenye uwanja huu huu, akikosa kazi ya hapa kwa jina lake, tumefanya nini tofauti na wale wa 1997? Na binti wa Kidigo ambaye kila mara aambiwa “wenyeji mmejaa” kwa sababu ya wafagiaji wanne, naye tumemfanyia haki gani? Fomu ya serikali tutaijaza kama sheria inavyotaka, kwa kabila. Lakini karatasi yetu wenyewe iwe na safu ya makao.

Yule mama mfagiaji, kwa waliouliza wakati wa mapumziko, yuko bado. Tulipoandaa fomu mpya tulimpelekea kwanza yeye aisome. Alifuta swali moja, lile la “jina la ukoo”. Akatuuliza lina kazi gani. Hatukuwa na jibu, tukaliacha limefutwa.

Fomu hizo ziko pale mlangoni, chukueni. Kila ofisi ichague mtu wa kuuliza ambaye si mkubwa wa ofisi. Zile mlizokwisha jaza kwa kukisia majina msizitume, anzeni tena. Na tutakapokutana mwezi ujao, kila kamati ilete karatasi moja ya nafasi zilizofunguka kwa miaka kumi: mwaka, kazi, ilitangazwa wapi, walioomba wangapi. Majina ya watu tusiyaone. Haya, akina mama, hivyo vikombe safari hii wacheni wanaume wa safu ya mbele wavigawe.